Jalada la Binti wa Ipogolo

Kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa karani wa masjala katika mahakama mojawapo ya Mbeya. Kwa asiyejua, masjala ni chumba cha majalada. Kesi ikifunguliwa inapewa jalada, na jalada hilo linakaa kwangu mpaka hakimu atakapolihitaji, kisha linarudi kwangu. Nimevuta vumbi la karatasi kiasi kwamba wenzangu wananitambua kwa kikohozi kabla sijafika mlangoni. Miezi ya baridi ndiyo mibaya zaidi. Chumba chetu hakipati jua, nami huvaa sweta mbili na kujifunga kitenge juu yake, na bado ikifika saa nne vidole vimekufa ganzi.

Nyuma ya meza yangu kuna kabati la chuma la majalada ya watoto. Mengi ni ya ulezi. Mtoto amefiwa, au ametupwa, au mzazi wake hawezi kumlea, na mtu anakuja mahakamani kuomba awe mlezi wake. Afisa ustawi wa jamii anatumwa kwenda kutazama nyumba ya huyo mwombaji na kuandika taarifa, hakimu anaisoma, anatoa amri. Baada ya hapo afisa anatakiwa kwenda tena na tena kumwona mtoto. Yote yanaingia jaladani: mama wa mtoto alikuwa nani, alikufa kwa ugonjwa gani, baba alijibu nini alipoulizwa. Juu ya kila jalada kuna neno SIRI kwa wino mwekundu, na mengi nimeyagonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Watu wanayataka hayo majalada kuliko mtu anavyoweza kudhani. Wamekuja ndugu wa mume wakitaka kujua kama mtoto fulani ni wa damu yao kweli. Amekuja mchungaji aliyetaka kuhakikisha jambo kabla ya kufungisha ndoa. Alikuja mwanamke mmoja na chupa ya chai na maandazi, akakaa nami kama shoga wa siku nyingi, kisha akaniuliza polepole yule binti wa jirani yake alitokea wapi. Wote niliwapa jibu moja: hayo hayafunguliwi. Nimelisema mpaka likakosa uzito mdomoni, kama mtu anavyosema "karibu" bila kuinua macho.

Mwandishi wa redio alikuja mwezi wa saba, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa haujaachia hata saa tatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti kubwa la mtumba, mkononi ana daftari la mistari kama la mwanafunzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

Alitazama kwanza kama kuna mtu mwingine chumbani, ndipo akanieleza habari ya mzee mmoja anayeishi upande wa Iyunga. Nilimjua. Nani asiyemjua? Mzee wa kanisa, mwenye shamba kubwa la viazi mlimani, mtu anayekusalimia kwa mikono miwili. Kwa miaka kama kumi na mitano alikuwa akichukua yatima na kuwalea, na watu walimsifu kwa hilo hadharani.

"Kuna mwalimu ameniambia watoto wawili alionao sasa, msichana na mdogo wake, hawajaonekana darasani tangu mwaka uanze," alisema. "Wanaonekana shambani. Na kabla yao walikuwapo wengine. Nataka kujua ni wangapi, na ni nani alikuwa anakwenda kuwaangalia."

"Majalada ya watoto hayafunguliwi."

"Najua, mama. Majina yao siyataki. Nataka kujua tu kama kuna mtu alikwenda."

"Hayafunguliwi, mwanangu. Andika barua kwa hakimu."

Hakukasirika. Alifunga daftari lake, akasimama, akawa kama anayeondoka, kisha akageuka.

"Nikuulize kitu kimoja tu. Hii siri, kwa hali ilivyo sasa, inamlinda mtoto au inamlinda yule mzee?"

Alipotoka nilijikuta nimeshika mhuri mkononi na sikumbuki nilitaka kugonga nini.

Nilishindwa kumjibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na nilikuwa nalo kwa miaka mingi. Zamani, nilipokuwa naingiza jalada la mtoto wa tatu wa mzee yule, niliisoma taarifa ya ukaguzi ya afisa ustawi wa wakati huo. Kazi yangu ni kuhesabu kurasa, si kuzisoma, lakini mtu ukishika karatasi kutwa jicho linasoma lenyewe. Taarifa ilisema nyumba ni safi na ina vyumba sita, mlezi ni mcha Mungu, mtoto ameonekana mwenye afya na furaha na anacheza na wenzake uani. Hilo neno uani aliliandika "uwani". Nikahisi nimewahi kuliona. Nikatoa jalada la mtoto wa pili: maneno yale yale, vyumba vile vile, uwani. Nikatoa la mtoto wa kwanza: vilevile. Kilichobadilika ni jina la mtoto tu, na mahali pamoja hata hilo alilisahau, hivyo mvulana aliitwa kwa jina la msichana aliyemtangulia.

Nilikaa na karatasi hizo tatu mezani kwa muda. Nilielewa maana yake. Hakuna aliyekwenda. Afisa alikuwa amekaa ofisini na kunakili. Lakini yule alikuwa mtu mkubwa, mimi nilikuwa karani tu, na siku hiyo mwanangu alikuwa na homa nami nilitaka kuwahi nyumbani. Nikahesabu kurasa, nikaandika idadi, nikafunga kabati. Afisa alihamishwa, baadaye akastaafu, baadaye tena nikasikia amefariki. Mzee akachukua watoto wengine wawili. Mimi nikaendelea kuwaambia watu hayafunguliwi.

Kesho yake baada ya mwandishi kuja, niliingia kwa hakimu kabla hajaanza kesi. Ni mtu wa makamo, mpole, miwani yake mguu mmoja ameufunga kwa plasta na hataki kuibadili. Nilimpangia taarifa zile tatu mezani, moja kando ya nyingine. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, ya tatu hakuimaliza.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Zamani, mheshimiwa."

Akavua miwani. Nilingoja anifokee. Hakunifokea, na nadhani ningepata nafuu angenifokea.

"Tuanze na watoto walioko kule," alisema. "Redio itasubiri."

Siku hiyo hiyo aliandika amri kwa afisa ustawi wa sasa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, naye akaenda Iyunga asubuhi iliyofuata bila kumtaarifu mtu. Aliwakuta wale watoto wawili wanajaza viazi kwenye viroba. Mdogo alikuwa na vidonda miguuni. Walikuwa wanalala kwenye stoo ya mbolea. Aliwaondoa siku ileile, akawapeleka Rungwe kwa bibi yao mzaa mama, ambaye miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anaweza kuwalea wajukuu wake.

Ingetosha kuishia hapo. Lakini mzee alileta maombi mahakamani arudishiwe watoto. Alikuja na watu wa kanisa wakajaza mabenchi mawili, wote wamevaa nguo za Jumapili, na wakili wake akasema kwamba mteja wake amelea watoto kabla ya hao, na taarifa za serikali zenyewe zinaonyesha walilelewa vizuri, mahakama itazame tu majalada yake. Nami nilikuwa nimekaa pembeni, majalada hayo nimeyapakata.

Barua ya mwandishi nayo ilikuwa imefika. Hakimu aliniita ofisini kwake akiwa ameishika.

"Huyu binti ana hoja," alisema. "Watu wana haki ya kujua mahakama yao imekuwa ikisaini nini. Lakini ndani ya majalada kuna maisha ya watu ambao hawajaniomba kitu. Nikilifungua jalada kwa redio, kesho atakuja mwingine mwenye nia mbaya na atanikumbusha kwamba nililifungua." Akaikunja barua. "Yule mtoto wa kwanza sasa ana umri gani?"

"Ishirini na nne, mheshimiwa."

"Basi ni mtu mzima. Jalada hili linamhusu kuliko linavyonihusu mimi. Aulizwe."

Wale wengine wawili waliomfuata tuliwatafuta pia. Mmoja alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia na hakuna aliyekuwa na namba yake. Mwingine alipokea simu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hataki kusikia habari hizo tena. Tukamwacha. Wa kwanza, mwalimu yule yule aliyezungumza na mwandishi alijua aliko. Alikuwa anashona nguo Ipogolo, Iringa.

Mimi kwetu ni Kalenga, na mama yangu mzee bado yuko huko. Nikaomba ruhusa ya siku nne nikamwone, hakimu akanipa na barua ya kumpelekea binti. Kwa kawaida barua za mahakama zina watu wake wa kuzipeleka. Hakimu alisema hii ni afadhali ipelekwe na mwanamke.

Ipogolo iko chini, kwenye barabara kuu, mabasi ya Mbeya na Dar yanaposimama. Mji wenyewe wa Iringa uko juu kilimani. Nilishuka na kibegi changu, nikauliza kwa wauza vitunguu, wakanionyesha fremu yenye mlango wa buluu. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, na sketi za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Binti alikuwa amekaa kwenye cherehani ya ndani, mwembamba, nywele amezifunga kwa kitambaa.

"Kamwene," nilimsalimu Kihehe, kwa mazoea ya nyumbani.

"Kamwene, mama," akajibu, kisha akatabasamu kidogo. "Lakini mimi si wa huku. Nimejifunza tu."

Nilimwambia natoka Mbeya, natoka mahakamani. Tabasamu likaondoka. Alisoma barua mara mbili akiwa amesimama, kisha akaiweka juu ya sketi, akarudi kukaa.

"Kwa hiyo kuna jalada langu."

"Lipo."

"Miaka yote."

"Miaka yote. Na ukitaka kulisoma ni haki yako. Hakuna wa kukuzuia."

Alianza tena kushona. Nilidhani hataki kusema nami, nikawa natafuta namna ya kuaga. Kumbe alikuwa anapanga maneno.

"Siku ile mahakamani nilikuwa na miaka tisa," alisema bila kuniangalia. "Waliniambia kuna shangazi wa Ustawi atakuwa anakuja kuniona kwa mzee. Nilikuwa na gauni moja la njano. Nililificha chini ya godoro nisije nikalivaa shambani, ili siku shangazi akija anikute nimevaa hilo. Nilipojaribu kulivaa baadaye lilikuwa limenibana mabegani. Nikampa mtoto aliyekuja baada yangu." Akakata uzi kwa meno. "Niliacha shule darasa la tano. Nikiwa na miaka kumi na sita nikapanda lori la viazi mpaka Makambako. Kwenye hilo jalada wanasemaje? Shangazi alikuja?"

Ningeweza kumwambia atasoma mwenyewe. Ndivyo karani anavyopaswa kujibu.

"Imeandikwa alikuja," nilisema. "Imeandikwa alikukuta unacheza uani na wenzako. Na walipokuja watoto wengine akaandika maneno hayo hayo, nukta kwa nukta. Mimi niliyaona. Niliyaona wakati mtoto wa tatu yuko kwa mzee na wewe bado uko kule, una kama miaka kumi na mitatu. Nikafunga kabati."

Cherehani ikanyamaza.

"Wewe mama," alisema. "Wewe uliyekaa hapo."

"Mimi."

Nje basi lilipiga honi ndefu na wauza vitunguu wakalikimbilia. Hakulia, wala hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuniweka na hapaoni. Kisha akaniambia ana sketi arobaini za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa, akishamaliza atakuja Mbeya. Nikaaga. Kalenga nilifika mchana, nikampikia mama ugali na mboga ya maboga, akaniuliza mara tatu naumwa nini.

Alikuja baada ya wiki mbili. Hakimu aliruhusu asomee masjala, mimi nikiwapo, maana jalada halitoki chumbani. Nilimpa kiti changu, nikamwashia jiko dogo la mkaa karibu na miguu, nikakaa kwenye kigoda kando ya kabati. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama mtu asiyetaka kuruka neno. Kurasa za mwanzo zilikuwa za maombi ya mzee. Alizipita bila kusema kitu. Kisha akafika ukurasa wa kumi na moja.

Ukurasa wa kumi na moja sitausema. Unamhusu mama yake, na namna yeye mwenyewe alivyozaliwa, na mtu aliyehusika. Ninaandika kumbukumbu hii kwa ruhusa yake, na hilo ndilo sharti pekee aliloniwekea.

Alikaa na ukurasa huo muda mrefu. Mkaa ulishakuwa majivu. Watu wawili walibisha hodi nikawaambia warudi mchana. Hatimaye akauliza:

"Yule mzee alisoma hii?"

"Alikuwa mwombaji. Alipewa nakala."

"Kwa hiyo alijua siku zote." Akatikisa kichwa polepole. "Nikikosea kitu alikuwa ananiambia, ungejua ulikotoka usingeinua kichwa hapa nyumbani. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe alikuwa anasoma hapa."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Sisi tulikuwa tumeifungia siri hiyo isimfikie mtu, na mtu pekee tuliyempa ndiye aliyeitumia kumpiga nayo. Mwenyewe hakuwa nayo. Nilikuwa nimegonga SIRI juu ya jalada na kujiona nimemhifadhi.

Mchana tuliingia kwa hakimu, sisi wawili. Akamuuliza anataka nini.

"Nataka watu wajue kwamba hakuna aliyekuja," alisema. "Hilo waambieni hata sokoni, hata kanisani kwake. Lakini ukurasa wa kumi na moja ni wa kwangu. Na jina langu lisitajwe."

"Na kama haiwezekani kutenganisha?" hakimu akamuuliza. "Watu wanaweza kukutambua kwa hayo machache tu. Siwezi kukuahidi."

"Wale wawili waliokuwa wanalala stoo, mzee akishinda watarudi kwake?"

"Inawezekana."

"Basi toeni hizo taarifa."

Hakimu akaamuru taarifa tatu za ukaguzi zitolewe kwa mwandishi na zisomwe kwenye shauri la mzee, majina ya watoto na umri wao vikiwa vimezibwa, na mengine yote yabaki yalivyo. Mchana wote nilikata vipande vya karatasi nyeupe, nikavibandika juu ya majina, nikatoa nakala, nikazimulika dirishani kuona kama herufi zinaonekana kwa nyuma, nikabandika tena. Mgongo uliniuma kama nimelima.

Mwandishi alipozipokea alizipekua, akanitazama.

"Mama, hii ni nusu."

"Ndiyo nusu inayowahusu wasikilizaji wako."

"Lakini nikisoma karatasi redioni nani atasikiliza? Watu wanamsikiliza mtu. Niombee nizungumze na huyo dada, dakika tano tu, sauti nitaibadilisha."

Nilimpigia binti mbele yake. Akakataa. Mwandishi akapumua kwa nguvu, akaweka karatasi kwenye daftari lake, akasema sawa. Namheshimu kwa hilo, maana angeweza kupanda basi kwenda Ipogolo mwenyewe na hakwenda.

Kipindi kilirushwa asubuhi moja, mimi nikiwa nafagia uani kwangu. Alisoma taarifa ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu, kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno. Jirani yangu aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika. "Mbona anarudia?" akaniuliza. Kisha akaelewa mwenyewe, akashika kinywa.

Mzee hakurudishiwa watoto. Pale mahakamani taarifa ziliposomwa, mabenchi yake mawili yalikuwa yamebaki moja, na wiki iliyofuata hakuja na mtu isipokuwa mkewe. Ofisi za juu ziliagiza walezi wote katika eneo letu watembelewe upya. Nami niliitwa kuandika maelezo, nikaandika yote, pamoja na siku ile niliyofunga kabati. Nilipewa karipio la maandishi. Niliona wamenihurumia.

Baada ya wiki kama tatu binti alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana.

"Mama, wananipigia."

"Nani?"

"Watu wa Iyunga. Niliosoma nao, majirani, hata nisiowajua. Wamehesabu kwenye vidole. Mtoto wa kwanza wa mzee ni nani, ni yule aliyetoroka, yuko wapi, yuko Ipogolo anashona."

Jina lake halikuwa limetajwa mahali popote. Haikusaidia. Na kwa kuwa walisikia mahakamani kwamba kuna kurasa ambazo hazikutolewa, walizijaza wenyewe. Mmoja alisema mama yake alikuwa kichaa. Mwingine akasema alifungwa kwa wizi. Wengine walisema mzee mwenyewe ndiye baba. Hakuna lililokaribia lililoandikwa, na kila moja lilimuuma.

Alikuwa na mchumba, fundi wa magari hapo hapo Iringa. Maneno yalimfikia naye. Binti akaona afadhali aambiwe ukweli na mwenyewe kuliko aokote uongo barabarani, akamkalisha, akamwambia yote, na ukurasa wa kumi na moja ndani yake. Kijana akasema anaomba muda akafikiri. Alifikiri miezi miwili. Aliporudi, amekubali, amekuja na mjomba wake wapange siku, binti akakataa.

"Mtu anayekaa miezi miwili anapima kama nafaa," aliniambia, "sina nguvu ya kumngoja. Nilishangoja sana nikiwa mdogo."

Nilimuuliza kama anajuta. Nilikuwa nimepita Ipogolo nikitoka Kalenga, nimemletea maboga mawili. Alikuwa anapima shati la mwanafunzi kwa utepe.

"Sijuti," alisema. "Wale watoto wako kwa bibi yao. Nimechoka tu, mama. Kila anayeingia hapa naangalia macho yake kwanza, kabla sijaangalia kitambaa." Kisha, baada ya kuandika vipimo: "Na wewe bado nimekukasirikia. Nilitaka ujue."

"Najua."

"Lakini uwe unapita."

Kwa hiyo huwa napita. Siku nyingine ananipa kiti na chai, siku nyingine ananijibu salamu tu na kuendelea kushona, nami nakaa kidogo, naaga. Sijamdai zaidi ya hapo.

Mwandishi alihamia kituo kingine. Aliniuliza kwa ujumbe wa simu kama ninadhani alifanya vizuri. Nilianza kumjibu mara kadhaa nikafuta. Mwisho nilimwandikia kwamba watoto wawili wanasoma na dada mmoja hapati usingizi, na kwamba mimi sijui kupima hivyo viwili kwenye mizani moja. Akanijibu kwamba naye hajui.

Watu bado wanakuja dirishani kwangu. Ninawaambia hayafunguliwi, ila siku hizi naongeza swali: wewe ni nani kwa huyu mtoto, na unamtakia nini? Wengi wanaondoka hapo hapo. Wachache nawapa karatasi waandike kwa hakimu.

Na hakimu ameniongezea kazi. Kila taarifa ya ukaguzi ikiletwa, kabla sijaiingiza jaladani, nampigia mtu wa nyumba ile, au mwenyekiti wa mtaa wake, namuuliza kama kweli afisa alifika. Hakuna sheria inayonitaka nifanye hivyo. Ni agizo lake tu, na sikio langu la kulia linawaka moto ifikapo mchana kwa kubanwa na simu. Wengine wananifokea, wengine mtandao unawakata. Juzi nilimpigia yule bibi wa Rungwe.

"Bibi, shikamoo. Yule mama wa Ustawi amefika huko?"

"Marahaba. Amefika. Amekaa, amekula ndizi, ameangalia madaftari ya watoto," alisema kwa sauti ya mtu aliyekatishwa kazi. "Sasa na wewe unataka nini tena?"

"Sina neno, bibi. Nilitaka kujua tu kama alikuja."

"Alikuja. Watoto wako shuleni. Mimi nina kahawa ya kuanika."

Akakata. Nikaandika tarehe na saa pembezoni mwa taarifa, nikatia sahihi yangu. Zilikuwa zimebaki simu saba kabla ya saa sita.